Kabla ya Kuacha Lami
Gari na dereva wawe tayari kwa njia za vijijini

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma hupita katikati ya mikoa ya Iringa na Mbeya. Anayesafiri juu yake ana kituo cha mafuta, fundi na duka la dawa katika kila mji. Lakini wengi wetu hatukuzaliwa kando ya lami. Wazazi wetu, mashamba yetu na makaburi ya wazee wetu yako ndani zaidi: Kilolo, Mufindi, Pawaga, Mbarali, Rungwe, Busokelo, Chunya. Huko ndiko tunakokwenda kuuguza, kuzika, kuoza na kusalimia.

Nyanda zetu za Juu Kusini zina msimu mmoja wa mvua. Huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Tazama basi jinsi mambo yalivyopangana: mwezi ambao njia zinaanza kuharibika ndio mwezi tunaowapakia watoto kwenda kwa bibi kula Krismasi.

Sisi ni wauguzi na akina mama wa kujitolea kanisani tunaotoka na kliniki ya mkoba kwenda kupima uzito wa watoto, kuchanja na kuwaangalia wajawazito. Katika kazi hiyo tumeona kwamba akina mama wengi huyaacha mambo ya gari kwa wanaume. Mama hufungasha chakula, hukunja nguo, huwavika watoto masweta, kisha hupanda na kukaa kimya. Hata hivyo wanaokaa ndani ya gari hilo ni watoto wake. Mama msomaji, huhitaji kujua kufungua injini. Unahitaji kujua mambo machache ya kuuliza, na kuyauliza mapema, kwa sababu safari ya njia mbaya huamuliwa nyumbani kabla gari halijawashwa.

JUENI NJIA KWANZA

Njia mbaya si za namna moja. Kilolo na Mufindi zina vilima na udongo mwekundu ambao ukilowa huteleza kama sabuni. Mufindi pia ina ukungu, na malori ya magogo na ya majani ya chai huchimba mifereji mirefu barabarani. Rungwe hupata mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi yetu. Bonde la Usangu huko Mbarali lina udongo mweusi wa mbuga. Wakati wa kiangazi ni mgumu kama saruji, lakini ukinywa maji hunata kwenye tairi hadi gurudumu linashindwa kuzunguka. Pawaga na Idodi ni nchi kavu yenye makorongo ya mchanga. Korongo linaweza kuwa kavu kabisa hapo uliposimama, kumbe mvua imenyesha milimani na maji yako njiani. Kyela ni tambarare, na mito itokayo milimani hufurika huko kabla ya kuingia Ziwa Nyasa.

Kuna pia njia za milimani kama ile ya kutoka Chimala, Mbarali, kupanda Matamba katika Wilaya ya Makete, ambayo sasa iko Mkoa wa Njombe. Watu huiita Hamsini na Saba, kwa idadi ya kona zake. Kule juu, Kitulo, ni zaidi ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti usiku huweza kuanguka sakitu.

Kwa hiyo swali la kwanza si "gari lina mafuta?" bali ni "njia ikoje leo?" Piga simu kwa ndugu aliyeko kijijini. Muulize mvua ilinyesha lini, daraja lipo, na gari la mwisho lilipita siku gani. Jibu la juma lililopita halitoshi wakati wa masika.

Familia yenye gari dogo la chini haina sababu ya kuona aibu. Liacheni kwa mtu mnayemwamini pale njia panda, mkodi gari la juu au mtembee sehemu iliyobaki. Gari dogo lililokwama korongoni lina gharama kubwa kuliko nauli.

GARI LIKAGULIWE MCHANA, SIKU MOJA KABLA

Ukaguzi wa alfajiri, watoto wakiwa wamekwisha kupanda, si ukaguzi. Hata ukikuta kasoro utasema "twende tu, Mungu atatusaidia." Nasi huomba kabla ya kila safari, lakini sala haijazi upepo kwenye tairi. Fanyeni kazi hii mchana wa jana yake, fundi akiwa bado yuko gereji.

Matairi. Yasiwe vipara, wala yasiwe na mpasuko ubavuni. Tairi la akiba lishushwe na kupimwa upepo, lisitazamwe kwa macho tu. Siku moja tulikodi gari kwa ajili ya kliniki. Mwenye gari alituhakikishia kwamba kila kitu kipo, lakini tulipoomba kuona tairi la akiba tulikuta halina upepo, na jeki haikuwepo kabisa. Tulikataa kuondoka. Alinung'unika sana, tukapoteza saa mbili. Tairi la nyuma lilipasuka siku hiyohiyo jioni, kilomita nyingi kutoka kijiji cha karibu, na tulibadilisha kwa robo saa.

Breki. Kanyagio likiwa laini au likizama hadi chini, gari haliendi popote. Hendibreki ijaribiwe mlimani, si tambarare.

Usukani na shokomzoba. Usukani ukicheza sana au gari likivuta upande mmoja, fundi aone. Nati za magurudumu zikazwe, na wilspana inayozifaa iwemo garini.

Maji, oili na mkanda wa feni. Rejeta ijazwe injini ikiwa baridi. Mkanda wa feni usiwe na nyufa. Oili ipimwe gari likiwa limesimama mahali tambarare.

Taa, waipa na honi. Ukungu wa Mufindi na mvua ya Tukuyu haviheshimu gari lisilo na waipa.

Kama gari lina uwezo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne, ulizeni kama uwezo huo unafanya kazi, na dereva aujaribu mbele yenu. Magari mengi ya zamani, kama Land Rover na Land Cruiser, yana kitasa cha kuzungusha kwa mkono katikati ya kila gurudumu la mbele. Kisipofungwa, gia ile haisaidii kitu. Dereva akifunge kabla ya kuingia matopeni, asingoje gari lizame ndipo ashuke na kukitafuta ndani ya tope.

VITU VYA KUBEBA

Hii ndiyo orodha yetu ya masika. Inaweza kunakiliwa na kubandikwa jikoni:

– Jeki na kipande cha ubao mnene wa kuweka chini yake, kwani kwenye tope jeki huzama yenyewe.
– Koleo, jembe na panga.
– Kamba nene ya kuvutia, na minyororo ya matairi kama inapatikana.
– Kabari mbili za mti za kuzuia magurudumu mlimani.
– Pampu ya upepo, tochi mbili, pembetatu za kuakisi na kizima moto.
– Maji lita 20 ya watu, na dumu jingine la rejeta.
– Chakula cha siku moja zaidi, blanketi na khanga kavu kwa kila mtu.
– Simu iliyojaa chaji, na namba za watu wa huko mwendako zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi.
– Sanduku la huduma ya kwanza: glavu, bandeji pana, vitambaa safi, pamba, plasta, mkasi, sabuni, dawa ya maumivu, na dawa za kila siku za yeyote mwenye kisukari, pumu, presha au kifafa.

Mafuta ya akiba yakibebwa, yawe katika dumu la chuma lenye kufunga vizuri, nje ya chumba cha abiria. Dumu la plastiki la petroli chini ya miguu ya watoto ni moto unaosubiri kiberiti.

DEREVA NAYE AKAGULIWE

Gari zima mikononi mwa mtu aliyechoka ni gari bovu. Hapa sisi wauguzi tuna la kusema.

Dereva alale usiku mzima kabla ya safari. Kahawa humchangamsha kwa muda tu, haimlipi deni la usingizi. Baada ya kila saa mbili apumzike robo saa, ashuke na kunyoosha miguu. Akianza kupiga miayo mfululizo, kusahau kona alizopita au kutoka nje ya njia, gari lisimame alale kidogo.

Ale kabla ya kuondoka. Mwenye kisukari anayetumia dawa asiruke mlo, na awe na kitu cha sukari mfukoni, maana sukari ikishuka mtu huchanganyikiwa huku bado ameshika usukani.

Aulizwe anatumia dawa gani. Dawa za mafua na za kuwasha, kama Piriton, huleta usingizi, na hata baadhi ya dawa za kikohozi. Mtu mwenye homa ya malaria asiendeshe. Mwenye miwani aivae. Na pombe, hata ya jana usiku iliyonywewa hadi alfajiri, bado imo mwilini asubuhi.

Mwisho, dereva awe anaijua kazi ya njia hiyo. Miaka 20 ya kuendesha mjini haimfundishi mtu tope la Usangu. Kama hajawahi, apate mwenzake anayeijua njia akae naye mbele. Madereva wa malori wana utingo, na si kwa ajili ya kushusha mizigo tu. Utingo hushuka, hutazama, huweka kabari na kuelekeza.

ABIRIA NA MIZIGO

Mizigo mizito ikae chini na katikati, ifungwe kamba. Gari lililobeba magunia juu ya paa huyumba, na kwenye mteremko wa ubavuni hupinduka upesi. Watu wasikae juu ya mizigo. Tumezoea kuwapakia wanakwaya au wafiwa nyuma ya lori, wakiimba wamesimama. Gari likipinduka, aliyerushwa nje huumia vibaya kuliko aliyebaki ndani.

Kila mwenye mkanda aufunge, hata kwa mwendo mdogo. Mtoto asipakatwe kiti cha mbele. Mikono ya mama, hata ikiwa na upendo kiasi gani, haiwezi kumzuia gari linapogonga. Watoto wakae nyuma, na aliye mdogo awe na kiti chake kama uwezo upo.

MKIWA NJIANI

Mteremko. Kanuni ya madereva wa zamani bado ni nzuri: mlima ushuke kwa gia ileile ambayo ungeupandia. Dereva asizime injini wala asiweke frii ili kuokoa mafuta. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto na kuacha kushika. Mkisikia harufu ya kuungua, simameni mahali salama mpaka zipoe, na msizimwagie maji.

Matope. Ingieni kwa gia nzito, mwendo wa polepole usiokatika. Gari likikwama, dereva aache kukanyaga mafuta, maana gurudumu linalozunguka mahali pamoja huchimba kaburi lake. Watu washuke upande wa juu wa mlima. Chimbeni mbele ya magurudumu, wekeni mawe na matawi, na mara nyingi ni rahisi zaidi kurudi nyuma kwa alama mlizojia. Wanaosukuma wasisimame nyuma ya gari kwenye mpando, kwani likiteleza litawakuta. Kamba ikivutwa, watoto na watazamaji wakae mbali, umbali unaozidi urefu wa kamba yenyewe. Kamba ikikatika hupiga kama fimbo na huweza kuua.

Mchangani, upepo wa matairi ukipunguzwa kidogo gari huelea vizuri. Lakini mwendo uwe mdogo, na matairi yajazwe tena kabla ya kurudi lami.

Ukungu. Tumieni taa za chini. Taa za juu hugonga ukungu na kumrudia dereva machoni.

Mto. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko zote. Maji yanayokwenda kasi yakifika sentimita 30 tu yanaweza kuliinua gari dogo, na yakifika sentimita 60 huweza kuchukua hata gari kubwa. Maji ya kahawia yanayobeba matawi hayavukwi, wala kwa gari wala kwa miguu. Maji yaliyotulia yapimwe kwanza kwa fimbo. Ikiwa hayafiki magoti na chini ni kugumu, vukeni polepole kwa gia nzito bila kubadili gia katikati. Mkishatoka, dereva akanyage breki taratibu mara kadhaa zikauke.

Mwaka mmoja, tukiwa na kasha la chanjo, tulifika kwenye korongo huko Mbarali tukakuta limejaa. Ng'ambo tuliwaona akina mama wamekwisha kukusanyika na watoto mgongoni, wakitupungia mikono tuvuke. Dereva wetu alishuka, akachomeka kijiti ukingoni penye maji, akasema, "Mama zangu, mimi sivuki." Baadhi yetu tulikuwa na haraka na tukamwambia hivyo. Hakujibu. Tulikaa chini ya mti tangu saa nne hadi karibu saa tisa, tukitazama maji yakishuka chini ya kile kijiti. Barafu ya kwenye kasha ilikuwa ingalipo. Tulivuka, tukachanja hadi jua likazama, na hakuna mtoto aliyerudi bila huduma. Tangu siku hiyo dereva wetu hahojiwi akisema tusubiri.

MAMA MJAMZITO

Safari ngumu kuliko zote ni ya mama mwenye uchungu. Mjamzito anayesafiri afunge mkanda: wa chini upite chini ya tumbo, juu ya mapaja, na wa juu upite kati ya matiti na kando ya tumbo. Uchungu ukimshika, au akitokwa na damu, alazwe ubavu wa kushoto, afunikwe, na asiachwe peke yake nyuma ya gari.

Lakini lililo bora ni kutokungoja. Mama anayeishi ng'ambo ya mto, na miezi yake inaangukia masika, ahamie mapema kwa ndugu aliye karibu na hospitali, au katika nyumba ya kusubiria kujifungua ikiwepo. Serikali ina mpango wa m-mama, uliozinduliwa kwa nchi nzima mwaka 2022. Kwa kupiga 115 bila malipo, mzazi au mtoto mchanga aliye hatarini hutafutiwa gari la wagonjwa, na lisipopatikana, hutafutiwa dereva wa kijamii aliyeandikishwa. Andika namba hiyo ukutani. Kisha ulizeni kijijini kwenu: ni nani mwenye gari, na je, tairi lake la akiba lina upepo?

MKILALA NJIANI

Giza likiwakuta mmekwama, kaeni pamoja na gari. Nguo zilizolowa zivuliwe, watoto wavikwe kavu na kukumbatiwa. Baridi ya Makete au Mufindi huweza kumdhuru mtoto mchanga kabla ya mapambazuko.

Msiwashe injini usiku kucha ili kupata joto huku madirisha yamefungwa, hasa matope yakiwa yameziba bomba la moshi. Na kamwe msiingize jiko la mkaa ndani ya gari. Hewa ya sumu itokayo humo haina harufu wala rangi. Mtu huumwa kichwa, husinzia, na haamki.

Rejeta ya moto isifunguliwe. Aliyeunguzwa na maji yake apoze jeraha kwa maji safi ya baridi dakika 20, bila kupaka mafuta wala dawa ya meno. Penye damu nyingi, bandika kitambaa safi ukandamize kwa nguvu bila kuachia. Aliyeumia shingo au mgongo asivutwe mikono, ila kama gari linawaka au maji yanaingia.

NANI MWENYE NENO LA MWISHO?

Wengi wetu huona vigumu kumwambia baba watoto apunguze mwendo, au kumwambia dereva wa kukodiwa kwamba anasinzia. Ugomvi ndani ya gari nao ni hatari. Njia nzuri ni kupatana jana yake, mezani, kwa upole: "Baba Neema, kesho mmoja wetu akisema tusimame, tutasimama kwanza, tutaulizana baadaye." Makubaliano yaliyofanywa nyumbani hayamvunjii mtu heshima barabarani.

Katika vikundi vya akina mama, kabla ya kwenda msibani au kumwona mgonjwa, mchagueni mmoja ashike orodha. Kazi yake ni kuona tairi la akiba kwa macho, kumuuliza dereva alilala saa ngapi, kupiga simu kule mwendako, na kuacha jina la kila msafiri na saa ya kurudi kwa mtu anayebaki nyumbani. Msiporudi saa hiyo, huyo aliyebaki ajue la kufanya na wa kumpigia. Polisi hupatikana kwa 112.

Na mpeni dereva ruhusa ya kusema hapana. Mchango wa msiba unaweza kufika kesho. Bibi atawapokea wajukuu hata Krismasi ikiwa imepita siku mbili, mradi wamefika wote.